Deni Lisilo na Hati: Ahadi za Uchaguzi na Imani ya Wapiga Kura Kinyangiri

Kata ya Kinyangiri imo katika wilaya ya Mkalama, mkoani Singida, wilaya iliyozaliwa mwaka 2012 kwa kumegwa kutoka wilaya ya zamani ya Iramba na kupewa Nduguti kuwa makao makuu yake. Kwa vizazi kadhaa vya uchaguzi kata hiyo ilihesabiwa katika jimbo la Iramba Mashariki, na wakazi wake, ambao wengi ni Wanyiramba, huishi kwa kulima mtama, uwele, mahindi na alizeti na kwa kufuga ng'ombe na mbuzi, katika nchi ambayo hupata mvua ya msimu mmoja tu kwa mwaka. Katika nchi ya namna hiyo orodha ya mambo ambayo mgombea anaweza kuyaahidi ni fupi na haijabadilika sana tangu uhuru: maji, barabara, zahanati, shule, na chakula pale msimu unapoharibika. Ufupi wa orodha hiyo ndio unaoifaa historia, kwa kuwa ahadi iliyotamkwa mara nyingi kwa maneno yale yale huweza kufuatiliwa kutoka uchaguzi mmoja hadi mwingine. Ufuatiliaji huo unapingana na maelezo yaliyozoeleka mijini, kwamba mpiga kura wa kijijini hudanganywa kwa sababu ya kutojua au ya kusahau upesi. Wapiga kura wa nchi kavu ya Singida wamezikumbuka ahadi vizuri sana. Kilichowapungukia, tena hatua kwa hatua na mara nyingi kwa nguvu ya sheria, ni njia za kulidai deni.

Mazoea ya kumpima kiongozi kwa kile alichowajibika kukileta ni ya kale kuliko sanduku la kura. Kaskazini ya Kinyangiri, katika nchi ya Wanyisanzu ambayo leo nayo ni sehemu ya Mkalama, utawala wa jadi ulishikwa na ukoo wa Anyampanda, na watawala wake, mwanamume mmoja na mwanamke mmoja waliotawala pamoja, walitambuliwa kwanza kama wenye mvua. Mwanaanthropolojia Todd Sanders, aliyefanya utafiti miongoni mwa watu hao na kuchapisha kitabu chake juu ya mvua mwaka 2008, alionyesha kwamba uhalali wa mtawala, yaani sababu ya watu kukubali kumtii, ulifungamana moja kwa moja na wajibu huo. Mvua ilipochelewa, jamii haikukaa kimya wala haikungoja miaka mitano: waganguzi waliulizwa, matambiko yalifanywa, wanawake walicheza ngoma zao za kuitafuta mvua, na chanzo cha ukame kikatafutwa hadharani, kiwe kosa la watawala wenyewe, kasoro ya tambiko, au uovu wa wachawi waliodhaniwa kuizuia mvua. Utaratibu huo ulikuwa na ukatili wake, kwa kuwa lawama iliweza kumwangukia mtu asiye na hatia, na si wa kutamaniwa urudi. Hata hivyo ulikuwa na jambo moja ambalo taasisi zilizofuata hazikuwa nalo, nalo ni kwamba swali la kwa nini kilichotarajiwa hakikufika lilikuwa na mahali pa kuulizwa, na watu walijua wamwulize nani.

Ukoloni uliuvunja uhusiano huo kutoka juu. Wajerumani, waliojenga ngome yao Mkalama na kutoza kodi ya nyumba, walimtaka mtawala wa mahali awe mkusanyaji na mtoa vibarua. Waingereza nao, kwa sheria ya mamlaka za wenyeji ya mwaka 1926, waliwaweka machifu wa jadi, walioitwa watemi, katika mfumo wa utawala usio wa moja kwa moja, yaani kuwatawala watu kwa kupitia viongozi wao wenyewe huku amri na mishahara ikitoka serikalini. Mtemi aliyelipwa mshahara na bwana mkubwa wa wilaya hakuwa tena na sababu nzito ya kuwajibika kwa waliomletea mtama. Mwaka 1963 serikali ya Tanganyika huru ilifuta kabisa mamlaka ya watemi, na kuanzia hapo mbunge, diwani na katibu wa chama wakawa ndio watu wa kuulizwa.

Uchaguzi wenyewe ulikuwa umekwisha kuingia. Ule wa 1958 na 1959 uliendeshwa kwa mfumo wa kura tatu, ambao ulimlazimu kila mpiga kura kumchagua Mwafrika mmoja, Mzungu mmoja na Mwasia mmoja. TANU, chama kilichoongoza harakati za uhuru, kilikubali kushiriki baada ya mabishano makali katika mkutano wake wa Tabora wa Januari 1958, na wapiga kura walikuwa wachache kwa sababu ya masharti ya kipato, elimu na kazi. Katika uchaguzi wa 1960 TANU ilitwaa viti 70 kati ya 71. Kiti kimoja kilichobaki kilikuwa cha Mbulu, jirani wa mashariki wa nchi ya Iramba, ambako Herman Sarwatt, aliyekuwa mwanachama wa TANU, alisimama kama mgombea binafsi na kumshinda Chifu Amri Dodo aliyeteuliwa na chama. Tukio hilo hutajwa mara nyingi kama jambo la pembeni, ilhali lina uzito mkubwa kwa historia ya imani ya wapiga kura, kwa kuwa linaonyesha kwamba hata katika kilele cha shauku ya uhuru, watu wa nyanda hizi walitofautisha kukipenda chama na kumkubali mtu waliyeletewa.

Mfumo wa chama kimoja uliochukua nafasi mwaka 1965 uliijenga upya ahadi ya uchaguzi, na sura uliyoipa ahadi hiyo haijafutika hadi leo. Wanachama walipendekeza majina, mkutano wa wilaya ukayapigia kura, kisha Halmashauri Kuu ya Taifa ya TANU ikateua wagombea wawili kwa kila jimbo, mmoja akipewa alama ya jembe na mwingine alama ya nyumba, ili asiyejua kusoma naye apige kura. Wagombea hao walizunguka pamoja katika mikutano iliyoandaliwa na chama, hawakuruhusiwa kutumia fedha zao kwa kampeni, walitakiwa kusema Kiswahili tu, na walikatazwa kutafuta kura kwa kabila, dini au rangi. Mambo mengi katika masharti hayo yalikuwa mema, na yalizuia ununuzi wa kura kwa kiwango ambacho sheria za baadaye hazikukifikia. Lakini kwa kuwa wote wawili walikuwa wa chama kimoja chenye sera moja, hawakuweza kubishana kuhusu bei ya mazao, kodi au mgawanyo wa bajeti ya taifa. Kilichobaki ni kubishana kuhusu nani kati yao angeweza kuyafikisha maji na barabara kijijini. Mtu aliyepelekwa bungeni kutunga sheria alipimwa kwa visima, kazi ambayo katiba haikumpa madaraka wala fedha za kuifanya. Ahadi ya mbunge ilizaliwa ikiwa kubwa kuliko uwezo wa aliyeitoa.

Hata hivyo wapiga kura walikuwa na fimbo. Septemba 1965 wabunge wengi waliokuwa madarakani waliangushwa, akiwemo Waziri wa Fedha, Paul Bomani, aliyeshindwa katika jimbo lake la Mwanza, na chaguzi zilizofuata chini ya mfumo huo ziliendelea kuwaondoa wengi kila baada ya miaka mitano. Chama hakikuweza kuondolewa, ila mtu aliweza. Wachambuzi wa nchi za nje walioudharau uchaguzi wa jembe na nyumba kwa sababu haukuwa na vyama vingi hawakuliona jambo hilo vya kutosha: kwa mwananchi wa Iramba Mashariki, kuangushwa kwa mbunge aliyetoweka baada ya kuapishwa kulikuwa adhabu halisi, na mgombea aliyefuata aliingia kwenye mkutano akijua kilichompata mwenzake.

Ahadi kubwa kuliko zote katika historia ya vijiji vya Singida haikutolewa na mbunge. Ilitolewa na dola yenyewe. Mwaka 1971 serikali ilitangaza mpango wa miaka ishirini wa kuwapatia wananchi wote wa vijijini maji safi karibu na makazi yao kufikia 1991, kwa msaada mkubwa wa wafadhili, Sweden ikiwa miongoni mwa wa mbele. Mpango huo ulikwenda sambamba na kuhamishiwa kwa watu katika vijiji vya maendeleo. Novemba 1973 Rais Nyerere alitangaza kwamba kuishi vijijini ni lazima na kwamba kazi hiyo ikamilike kufikia mwisho wa 1976, na familia zilizokuwa zikiishi kwa kutawanyika, kila moja karibu na mashamba na malisho yake, zikasogezwa kando ya barabara. Hoja waliyopewa ilikuwa ya kubadilishana, tena iliyosemwa wazi: watu wakikaa pamoja, serikali itaweza kuwaletea kisima, shule na zahanati. Katika nchi ambayo mahali pa kukaa palichaguliwa kwa kufuata maji na malisho, kukubali kuhama kulikuwa kulipa kabla ya kupokea.

Sehemu ya malipo ilirudi kweli. Kufikia mwisho wa muongo huo karibu kila kijiji cha Tanzania kilikuwa na shule ya msingi, baada ya kampeni ya elimu ya msingi kwa wote ya 1977, na zahanati ziliongezeka. Maji ndiyo yaliyokwama. Pampu za mashine zilihitaji dizeli, vipuri na fundi, na baada ya kupanda kwa bei za mafuta duniani na gharama za vita vya Kagera vya 1978 na 1979, vyote vitatu vikaadimika. Miradi iliyozinduliwa kwa sherehe ikakaa miaka bila kutoa tone. Serikali za mitaa, ambazo zingeweza kuulizwa kuhusu pampu iliyokufa, zilikuwa zimevunjwa mwaka 1972 na hazikurejeshwa kwa sheria hadi 1982. Mwaka 1991 ulipofika hakuna aliyesimama mbele ya wanavijiji kueleza kwamba muda wa ahadi umekwisha. Ikatolewa sera mpya ya maji, na baadaye ile ya 2002 ikaweka msingi tofauti kabisa: jamii ichangie gharama za ujenzi na ibebe yenyewe uendeshaji na matengenezo. Huenda uamuzi huo ulikuwa na busara ya kifedha, lakini kilichokuwa ahadi ya dola kwa raia kiligeuzwa wajibu wa raia bila raia huyo kuombwa radhi. Ni vigumu kupata jambo lililoijeruhi imani ya watu wa nchi kavu kuliko ukimya huo.

Vyama vingi viliporejeshwa mwaka 1992 ilitarajiwa kwamba mpiga kura angepata fimbo ndefu zaidi, ya kukiadhibu chama na si mtu pekee. Kwa sehemu kubwa ya Singida mambo yalikwenda kinyume. Mwaka mmoja kabla, Azimio la Zanzibar lilikuwa limelegeza masharti ya uongozi ya Azimio la Arusha, ambayo yalimkataza kiongozi kuwa na mishahara miwili, hisa au nyumba za kupangisha, na hivyo mwenye fedha akafunguliwa mlango wa siasa. Ushindani wa kweli ukahamia ndani ya chama tawala, katika kura za maoni, yaani uchaguzi wa awali wa kumpata mgombea wa chama, ambamo wapigao kura ni wajumbe wachache wanaoweza kufikiwa mmoja mmoja. Mwaka 2000 Sheria ya Uchaguzi ilirekebishwa ili kuhalalisha takrima, neno lililotumiwa kumaanisha ukarimu wa kawaida au wa kimila ambao mgombea huwafanyia wapiga kura kwa nia njema. Chakula, khanga, fulana na fedha za kinywaji vikapata kinga. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu pamoja na mashirika ya wanasheria ya LEAT na NOLA walifungua kesi, na Aprili 2006 Mahakama Kuu iliamua kwamba vifungu hivyo vinakiuka Katiba kwa kuwa vinambagua mgombea asiye na mali na kuharibu uhuru wa mpiga kura. Hukumu hiyo, pamoja na Sheria ya Gharama za Uchaguzi ya 2010, inastahili kuhesabiwa miongoni mwa kazi bora za wanasheria wa Tanzania, ingawa desturi haikufa kwa kufutiwa kinga.

Madhara ya takrima kwa ahadi yalikuwa makubwa kuliko fedha zilizotumika. Ahadi hudai wakati ujao, na zawadi humalizika papo hapo. Mpiga kura aliyekwisha kupokea khanga huambiwa, au hujiambia, kwamba hesabu yake imelipwa. Lakini kumlaumu mpokeaji ni kutoitazama historia iliyotangulia. Mtu ambaye wazazi wake waliambiwa wahame na wangoje maji hadi 1991 ana sababu nzuri za kupendelea kilicho mkononi, na upendeleo huo ni hitimisho la kimantiki la uzoefu wa muda mrefu.

Uchaguzi wa 2005 uliyaonyesha hayo kwa namna ya pekee mkoani Singida. Upigaji kura uliahirishwa kutoka Oktoba hadi tarehe 14 Desemba kutokana na kifo cha mgombea mwenza wa chama cha upinzani cha CHADEMA, na taifa likapiga kura wakati ukame ukitanda na akiba za chakula zikipungua. Jakaya Kikwete wa chama tawala alishinda urais kwa asilimia 80 ya kura, akiwa na kaulimbiu ya maisha bora kwa kila Mtanzania na ahadi ya ajira milioni moja. Mwanaanthropolojia wa Marekani, Kristin Phillips, aliyekuwa akifanya utafiti katika vijiji vya Singida miaka hiyo na kuchapisha kitabu chake juu ya njaa mwaka 2018, alieleza jinsi wanavijiji walivyoitazama serikali kama mzazi mwenye wajibu wa kulisha, na jinsi msaada wa chakula ulivyogeuka kuwa uwanja wa kudai haki, kubishana na kunung'unika. Mtazamo huo wa mzazi na mtoto una pande mbili: humpa mwananchi lugha ya kudai, kwa kuwa mzazi asiyelisha hana sifa, na papo hapo humnyima mamlaka, kwa kuwa mtoto hamfukuzi mzazi. Miaka mitano baadaye idadi ya waliojitokeza kupiga kura nchini ilianguka kutoka asilimia 72 hivi ya walioandikishwa hadi takriban asilimia 43, na kura za rais yule yule zikashuka hadi asilimia sitini na kitu. Daftari la wapiga kura lilikuwa na kasoro zake na haifai kila asiyepiga kura kuhesabiwa kuwa amekata tamaa, lakini anguko la namna hiyo ndani ya muhula mmoja haliwezi kuelezwa kwa kasoro za daftari peke yake.

Mwaka huo huo wa 2010, Singida Mashariki, upande wa pili wa mkoa, ilimchagua Tundu Lissu wa CHADEMA, ambaye aliwaambia wananchi hadharani kwamba michango ya kulazimishwa haina msingi wa kisheria. Jambo hilo liligusa mahali penye maumivu pia huko Iramba. Tangu mipango ya shule za msingi na za kata ya miaka ya 2000, wanavijiji walitakiwa kufyatua matofali, kubeba mchanga na maji na kuinua kuta, kisha serikali ingeleta mabati, saruji na wataalamu wa kumalizia. Kuta zilizofikia usawa wa lenta na kuachwa bila paa huitwa maboma, nazo zimetapakaa mikoani kote. Mvua huzila mwaka hadi mwaka. Boma la zahanati ni ahadi ambayo upande mmoja umeitimiza kwa jasho lake, na hakuna risiti ya kura iliyo wazi kuliko hiyo.

Haki inadai kutaja yaliyotimizwa. Daraja la Mto Sibiti, mto unaotoka Ziwa Kitangiri kwenda Ziwa Eyasi na kuitenga Mkalama na wilaya ya Meatu, lilizungumzwa katika kampeni kwa miaka mingi, ujenzi ukaanza mwanzoni mwa miaka ya 2010, ukasimama na kuendelea kwa awamu, na hatimaye magari yakavuka mwishoni mwa muongo huo. Vivyo hivyo, elimu bila ada iliyoahidiwa mwaka 2015 ilianza kutekelezwa Januari 2016, miezi michache baada ya kura. Lakini ilani ya uchaguzi huo huo ya CCM, chama tawala kilichoirithi TANU, iliahidi shilingi milioni 50 kwa kila kijiji, fedha ambazo kwa vijiji zaidi ya 12,000 zingefikia zaidi ya shilingi bilioni 600. Bajeti ya kwanza ilitenga kiasi cha kuanzia, wabunge wakauliza mara kwa mara bungeni, na muhula ukaisha mwaka 2020 vijiji vikiwa bado vinangoja. Tofauti kati ya ahadi hizi inafundisha jambo la kiutawala. Ada ilifutwa kwa waraka ambao kila mwalimu mkuu alipaswa kuutii na kila mzazi aliweza kuushika, ilhali milioni 50 hazikuwahi kupewa sheria, tarehe wala ofisa mmoja wa kuulizwa.

Katika miaka hiyo hiyo fimbo zenyewe zilizidi kufupishwa. Mwaka 2009 ulikuwa umeundwa kwa sheria Mfuko wa Kuchochea Maendeleo ya Jimbo, ambao mbunge ni mwenyekiti wa kamati yake, na hivyo mtu aliyepaswa kuisimamia serikali akapewa fungu la kugawa kama sehemu ya serikali hiyo. Mwaka 2015 Mgana Msindai, aliyewahi kuwa mbunge wa Iramba Mashariki na kisha mwenyekiti wa CCM mkoa wa Singida, alimfuata Edward Lowassa, waziri mkuu wa zamani, kwenda upinzani, na wapiga kura wakaona jinsi mpaka kati ya walioahidi na waliowapinga ulivyokuwa rahisi kuvukwa. Uchaguzi wa serikali za mitaa wa 2019 ulisusiwa na vyama vikuu vya upinzani baada ya wagombea wao wengi kuenguliwa, na viti vingi nchini vikapatikana kwa kupita bila kupingwa, hali ambayo ndani yake hata ile adhabu ya 1965, ya kuchagua kati ya jembe na nyumba, haikuwepo. Uchaguzi mkuu wa Oktoba 2025 ulifanyika chama kikuu cha upinzani kikiwa nje, matokeo rasmi yakampa mgombea wa chama tawala zaidi ya asilimia 97, na siku za kura zikaambatana na maandamano na vifo mijini.

Dawa moja iliwahi kuandikwa. Rasimu ya pili ya Katiba, iliyokabidhiwa Desemba 2013 na Tume iliyoongozwa na Jaji Joseph Warioba baada ya kukusanya maoni ya wananchi nchi nzima, iliweka ukomo wa vipindi vitatu kwa mbunge na kuwapa wapiga kura haki ya kumwondoa kabla ya muhula kwisha. Bunge Maalum, ambalo wajumbe wake wengi walikuwa wabunge, liliyaondoa yote mawili katika Katiba Inayopendekezwa ya Oktoba 2014, na Katiba hiyo yenyewe haijapigiwa kura ya maoni hadi leo. Kwa hiyo chombo kilichobaki mkononi mwa mkazi wa Kinyangiri ni mkutano mkuu wa kijiji, ambao kwa sheria ya serikali za mitaa ya 1982 kila mkazi mwenye umri wa miaka 18 na kuendelea ni mjumbe wake, na ambamo mapato na matumizi ya kijiji husomwa na kuhojiwa, na hoja huandikwa katika muhtasari. Mwenyekiti wa kijiji hulazimika kukaa mbele yake na mtendaji hulazimika kuuandaa. Mbunge, ambaye ni mjumbe wa baraza la madiwani la wilaya, halazimiki kufika.